Reaktifu (kitu kinachoingia katika mmenyuko) ipi ilikwisha kwanza, chuma au sulfati ya shaba?

Mwanafunzi, Kamalondo (Lubumbashi)
Heshima kwenu, wakubwa. Nilitia gramu 5,6 za unga wa chuma katika maji niliyoyeyushia gramu 20 za fuwele za buluu za sulfati ya shaba. Moli (kipimo cha kuhesabia chembe kwa mafungu yaliyo sawa) ya chuma ina gramu 56, kwa hiyo nilikuwa na moli 0,1. Nikagawa 20 kwa 159,5, nikapata moli 0,125 za sulfati. Kwa kuwa mlinganyo Fe + CuSO4 → FeSO4 + Cu unadai moli moja ya chuma kwa moli moja ya sulfati, niliandika kwamba chuma ndicho kinachokwisha kwanza na kwamba nitapata gramu 6,35 za shaba. Mashapo yaliyokauka yalifika gramu 6,2, nami nikafurahi. Lakini mwalimu wetu alipopitisha sumaku juu yake, sehemu ya unga iliruka na kuganda. Chuma hicho kimetoka wapi?

Mwalimu wa kemia, Katuba
Mdogo wangu, chuma kingekwisha kwanza, sulfati iliyobaki ingeendelea kuyapa maji rangi ya buluu. Yalikuwaje?

Mwanafunzi
Kijani hafifu, mwalimu.

Mwalimu wa kemia
Basi sulfati ndiyo iliyokwisha. Fuwele za buluu zimebeba maji, molekuli 5 kwa kila CuSO4, kwa hiyo moli yake ina gramu 249,5. Ile 159,5 ni ya unga mweupe uliokaushwa kwa moto. Gawa upya, utapata takriban moli 0,08, yaani shaba gramu 5,09 na chuma kilichosalia gramu 1,11. Jumlisha uone: 6,2. Mizani haikukosea, ila ilikupimia vitu viwili kwa pamoja.

Fundi wa maabara, Kampemba
Tena hapa ulisaidiwa na uwiano ule wa moli moja kwa moli moja. Katika 2Al + 3CuSO4, moli 0,06 za alumini zinaonekana chache mbele ya 0,08 za sulfati, lakini ukigawa kila moja kwa namba yake katika mlinganyo, unapata 0,03 na 0,027: sulfati ndiyo inayokwisha. (Alumini ina ngozi ya oksidi inayochelewesha kazi, itilie chumvi kidogo ya mezani.)

Mwanafunzi
Asanteni. Ila kilichoshikwa na sumaku ni gramu 1,4, si 1,11.

Fundi wa maabara
Chembe za chuma zimevaa shaba. Mbele ya mwalimu wenu, zitieni asidi ya sulfuri iliyozimuliwa: chuma kitayeyuka kikitoa mapovu ya hidrojeni, na shaba itabaki chini, tayari kuoshwa, kukaushwa na kupimwa.