Mnada wa magari ya kale Uingereza: nikague nini kabla ya kununua Land Rover Series III?

MwanaMuheza

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa wenye uzoefu. Mwezi ujao kuna mnada wa magari ya kale si mbali na hapa Leicester ninapoishi, na katika orodha yake nimeona Land Rover Series III ya mwaka 1974, ile ndefu ya inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Marehemu baba yangu aliendesha gari la aina hiyo kwa miaka mingi, akiwapandisha wauguzi na chanjo vijiji vya Amani, juu ya Muheza, na mpaka leo nikisikia mlio wa giaboksi yake ninamkumbuka. Sinunui ili niuze kwa faida baadaye. Nataka gari nitakaloliendesha na kulitunza. Nimetenga pauni 10,000 na sina nyingine, na makadirio yaliyoandikwa ni kati ya pauni 7,000 na 9,000. Sijawahi kununua kitu mnadani. Nikague nini siku ya kuliona gari, na ni gharama zipi ambazo mgeni huzijua zikiwa zimeshamfika?

FundiWaCoventry

Kaka, Mungu amrehemu mzee. Nianze na fedha, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Nyundo ya dalali ikigonga kwenye pauni 9,000, hujamaliza kulipa: kuna ada ya mnunuzi inayokwenda kwa wenye mnada, na juu ya ada hiyo kuna VAT ya asilimia 20. Ada hutofautiana, kwa hiyo soma masharti ya mnada wenyewe. Lakini tuseme ni asilimia 12, hiyo ni pauni 1,080, na VAT yake ni pauni 216, hivyo utakuwa umelipa pauni 10,296 kabla ya bima na kabla ya lori la kulibeba gari hadi nyumbani. Kwa fedha uliyo nayo, dau lako la mwisho liwe pauni 8,000, ili matairi na breki navyo vipate fungu lao.

Sasa gari lenyewe. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, ndiyo maana inaweza kung'aa huku chesisi, ambayo ni ya chuma, imeliwa na kutu kutoka ndani. Nenda na tochi, nyundo ndogo na nguo za kazi, kisha omba ruhusa ya kuingia chini ya gari. Gonga polepole kuanzia boriti ya nyuma kabisa, halafu mikono inayotoka ubavuni mwa chesisi kushikilia bodi, halafu pale springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali; kilichooza hujibu kwa sauti butu na kumwaga magamba ya kutu. Usiusahau ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva: inua mkeka wa miguuni, na uangalie pembe ambako bawaba za milango zimefungwa, kwani kuurekebisha ukuta huo ni kazi ya siku nyingi na gharama yake inauma. Injini ya lita 2.25 ni ngumu kuharibika na vipuri vyake vinapatikana, kwa hiyo isikupotezee muda mrefu.

Mwisho, namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma mbele upande wa kulia, jirani na springi. Isome kwa macho yako, kisha uilinganishe na kibati cha gari na hati ya usajili, V5C. Nayo V5C humtaja mtunzaji aliyesajiliwa. Haithibitishi umiliki, kwa hiyo uliza pia risiti za zamani.

BintiPangani

Kaka, hayo ya kutu nayathibitisha kwa yaliyonipata. Nilinunua Morris Minor ya mwaka 1968 katika mnada mmoja nikiwa nimeiona kwa picha tu. Ilikuwa safi, na chini yake ilikuwa imepakwa rangi nzito nyeusi, ambayo mimi niliichukulia kuwa dalili ya matunzo. Fundi alipoikwangua alikuta vipande vya bati vimechomelewa juu ya vipande vingine vya bati, tabaka tatu, na chini ya tabaka zote hapakuwa na chuma cha kushikilia chochote. Niliwapigia simu wauzaji, wakanisomea sharti kwamba gari huuzwa kama lilivyo. Kisheria, gari lililotumika likiuzwa katika mnada wa hadhara ambao watu wanaweza kuhudhuria wenyewe, mnunuzi hapati ulinzi ambao Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mtu anayenunua kwa muuza magari.

Kwa hiyo, ukiona rangi nyeusi mbichi chini ya gari, uliza ilipakwa lini na kwa nini. Halafu ingiza namba ya usajili kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT, yaani ukaguzi wa usalama wa magari wa kila mwaka, ni bure. Gari lililotimiza miaka 40 huweza kusamehewa ukaguzi huo likiwa halijabadilishwa sana, lakini ripoti za nyuma hubaki, na ya kwangu ilikuwa imeandikwa kutu miaka miwili mfululizo. Ningeisoma kabla ya mnada, nisingeinua mkono.

MwanaMuheza

Ahsanteni sana, dada na kaka. Nina mambo mawili yaliyobaki. Nikistaafu ningependa kurudi nalo nyumbani, inawezekana? Na dau likipita 8,000 nikiwa nimekwisha kulipenda, mnashauri nini?

MkaziWaIlala

La kwanza nalijibu mimi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Sisi Tanzania hatuzuii kwa umri, lakini gari kuukuu huongezewa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo pata makadirio ya TRA kabla ya kulipa meli.

FundiWaCoventry

La pili: Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na minadani hazikosekani. Andika 8,000 kwenye karatasi, ishike mkononi, na dau likipita, shusha mkono, hata kama ni kwa pauni 100 tu. Siku ya ukaguzi fika mapema, uguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa tayari ina joto, uliza ni nani aliyeipasha na kwa sababu gani. Ukishagonga chesisi, piga picha ya ile boriti ya nyuma na uiweke hapa, nitaitazama siku hiyohiyo.