Nyumba ina juu na chini, mthamini kaandika ghorofa moja??

mama_wawili_ohio: Habari zenu wapendwa, niko huku Columbus tunanunua nyumba yetu ya kwanza kwa mkopo. Ni zile nyumba ukifungua mlango tu unakutana na ngazi, nusu zinapanda nusu zinashuka. Juu sebule, jiko na vyumba 3, chini vyumba 2 na bafu, madirisha makubwa wala hakuna giza. Tangazo la dalali lilisema ghorofa 2, futi za mraba 1,900. Jana ripoti imekuja mthamini kaandika ghorofa 1 na besimenti (yaani sehemu ya chini ya ardhi), futi 1,050 basi! Nimelia jamani. Zile 850 zimeenda wapi na huko ndo watoto watalala?

fundi_rangi: Pole dada. Hajakosea lakini. Toka nje uizunguke nyumba uangalie udongo, kama kule chini ukuta umezama ardhini hata upande mmoja tu basi chini kote kunahesabiwa besimenti, hata uweke marumaru, hata kuwe na mlango wa kutokea uani. Ni kipimo kinaitwa ANSI Z765, na Fannie Mae, wale wanaonunua mikopo ya nyumba toka kwa mabenki, wamekilazimisha tangu tarehe 1 Aprili 2022. Futi zako 850 hazijapotea, zina mstari wake kwenye ripoti na zinapewa thamani, ila mara nyingi ndogo kuliko za juu.

binti_tanga: Mimi yangu iliandikwa 1.5 nikadhani wamekosea kuchapa, kumbe ile nusu ni chumba cha darini. Paa limeinama, kwa hiyo wanapima urefu. Panapofika chini ya futi 5 hapahesabiwi kabisa, na walau nusu ya hicho chumba iwe na futi 7 kwenda juu.

mzee_wa_kariakoo: Na kuna hili la lugha, linatuchanganya sana sie wa nyumbani. Dar ukisema nyumba ya ghorofa moja watu wanaelewa kuna chini na juu yake kuna moja. Marekani ile ya chini ndo ya kwanza, kwa hiyo ghorofa yao 1 ni nyumba ya chini tu kwetu. Ukiongea na benki hesabu kwa kikwao.

fundi_rangi: Kweli kabisa mzee. Dada kingine, fungua ukurasa wenye nyumba alizolinganisha na yako. Hapo ndo pa kukazania kuliko idadi ya ghorofa. Zikiwa za aina hiyohiyo, nusu juu nusu chini, zote zimepimwa hivyohivyo na bei inakaa sawa. Nakala ya ripoti ni haki yako, benki wanatakiwa wakupe angalau siku 3 za kazi kabla ya kusaini.

mama_wawili_ohio: Asanteni sana ndugu zangu. Nimetoka na tochi saa hii, nyuma ya nyumba udongo umefika karibu na madirisha kweli. Na kwenye ripoti kuna nyumba 3, mbili ni kama yangu, ya tatu ni ghorofa 2 kamili zote juu ya ardhi na yangu imekatwa hela nyingi sana ukiilinganisha nayo. Kesho asubuhi nampigia mtu wa mkopo nimuombe mthamini aipitie tena hiyo moja.