Ripoti ya CAG inafika ufukweni, au inaishia Dodoma?

Mkazi wa Luchelele: Ndugu zangu, kila mwisho wa Machi CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, anamkabidhi Rais ripoti, Aprili inatua Bungeni, Mei tumeshasahau. Ardhi, misitu, uvuvi, vyote vimo. Huku kwetu Mwanza njia ya kwenda Ziwa Victoria imezibwa. Mtu kajenga ukuta, na nguzo za seng'enge zimeingia hadi majini, mama akitaka ndoo moja ya maji anazunguka mawe yote yale na mtoto mgongoni. Ukaguzi huu unamlinda nani?

Binti Igombe: Si CAG alikataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ziwani?

Mzee Kirumba: Hapana mwanangu. Mita 60 zimo kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004, kifungu cha 57. CAG hatungi sheria. Anakagua na kuandika, halmashauri zinajibu LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa; wakala kama TFS, wale wa misitu, wanajibu PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali. Akinusa wizi anawapa taarifa wachunguzi. Pingu hana.

Kijana Mkolani: Basi kazi bure. Halafu mnaolilia ziwa, wavuvi ndio wa kwanza kulimaliza. Usiku kokoro, ule wavu wa kukokota, asubuhi mnataka huruma.

Nahodha Kayenze: Rudia hiyo kauli! Nyavu zangu zilimwagiwa petroli zikachomwa mwaloni, pale tunaposhusha samaki, nikiona kwa macho yangu. Nailoni ikiungua inadondoka matone meusi, watoto wanakohoa. Na zilikuwa halali! Wewe umewahi kulala majini hata siku moja?

Kijana Mkolani: Kokoro linakwangua chini, linabeba mayai na vifaranga. Uongo?

Nahodha Kayenze: Si uongo. Ila mimi sina kokoro. Usinivike kofia ya mwenzangu.

Mama Dagaa: Na wanunuzi je? Sangara wa chini ya sentimita 50 ni marufuku, lakini akifika gizani anapata mteja. Mvuvi anakamatwa, mnunuzi anakwenda zake. Hapo ndipo panaponiuma.

Binti Igombe: Shikamoo mama. Umesema kweli.

Mkazi wa Luchelele: Jamani, na ule ukuta niliousema!

Kijana Mkolani: Ukuta huo uko mita 60 kutoka wapi? Ziwa lilipanda 2020 likaingia mialoni. Pengine mwenzio alijenga pakavu, maji yakamfuata.

Mkazi wa Luchelele: Mimi nimezaliwa hapa. Ukuta na seng'enge vimekuja baada ya maji, si kabla. Nilikwenda ofisi moja ya ardhi, nikaambiwa faili halionekani. Mara tatu.

Mzee Kirumba: Hilo la faili ndilo kubwa kuliko yote. Mkaguzi anakagua makaratasi. Faili likifichwa, ukuta huo hauingii kwenye ripoti hata aje kila mwaka. Andika barua, taja tarehe ulizokwenda, nakala gongesha muhuri wa mapokezi. Mpelekee na diwani. Bila karatasi utabaki na machungu yako.

Mama Dagaa: Na ushuru wa mwalo nao waukague. Tunalipa kila siku, choo hakuna.

Mkazi wa Luchelele: Nimekuelewa mzee. Kesho asubuhi napima toka majini hadi ukutani niandike na vipimo. Nahodha, njoo na kamba ndefu.

Nahodha Kayenze: Nitakuja saa moja. Ila huyu wa Mkolani aniombe radhi kwanza.