Land Rover 109 ya petroli: taimingi au kabureta?

Mgosi_wa_109
Wakuu, naombeni msaada kabla sijamfukuza fundi wa tatu. Nina 109 Series III ya petroli, cc 2,286, kabureta Zenith 36IV. Nashusha mboga toka Lushoto, nikirudi napandisha saruji. Siku hizi kupanda toka Mombo ni mateso: gia ya pili inakohoa, moshi mweusi, na nikiachia mafuta mteremkoni ekzosi inapiga baruti mpaka mbuzi wa watu wanakata kamba. Sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haikai, nikitoa mguu tu inazima. Plagi ni nyeusi tii, masizi makavu.

Fundi wa kwanza kazungusha distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, kwa kutega sikio. Wa pili kaweka plagi mpya, nazo zikawa nyeusi kesho yake. Wa tatu anataka ninunue kabureta. Nianzie wapi?

Utingo_Mstaafu
Mwinuko huo mkuu. Huko juu hewa nyepesi, mafuta yanazidi. Tia jeti (kitundu cha mafuta ndani ya kabureta) ndogo uendelee na maisha.

Bi_Spana
Mwinuko una mchango wake, ila hauzimi gari sailensi. Kaka, kabureta usiiguse kwanza. Fungua distribyuta, pima pengo la pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche) kwa fila geji, kisigino chake kikiwa juu ya ncha ya kamu inayoifungua: 0.35 mpaka 0.40 mm. Kisigino kikilika pengo linabana, moto unachelewa, gari inakuwa nzito na injini inachemka. Pengo kwanza, taimingi (wakati wa cheche kutoka) baadaye, maana ukigusa pengo taimingi imehama.

Taa ya taimingi huna? Chukua balbu ya volti 12, waya mmoja pale waya mwembamba wa koili unapoingia distribyuta, mwingine kwenye bodi. Washa swichi bila kupiga stata, zungusha injini kwa hendeli, silinda namba 1 ikiwa kwenye kompresheni. Balbu iwake alama ya puli inapofika mahali pake. Ikichelewa au ikiwahi, sogeza distribyuta kidogo kidogo. Marehemu baba hakuwahi kutumia kingine.

Ukimaliza, injini ikiwa sailensi, kaza skrubu ya mchanganyiko ya kabureta taratibu mpaka mwisho. Uniambie imefanya nini.

Mgosi_wa_109
Dada, pointi zilikuwa 0.20, zimeungua hadi zina kishimo. Nimeweka mpya na kondensa. Nguvu imerudi, baruti imepungua, ila moshi bado. Skrubu nimekaza mpaka mwisho, gari wala haikujali.

Bi_Spana
Ilitakiwa izime. Basi mafuta yanapita njia ya panya. Zenith hizo zina ugonjwa wao: uso wa kifuniko cha juu unapinda, na oringi ya ndani inakauka. Weka rula juu ya uso huo, utaona mwanga chini yake. Tandaza msasa laini juu ya kioo, sugua kwa mzunguko mpaka uso wote ung'ae sawa. Oringi mpya iwe ya kuvumilia petroli. Kurudishia, usikaze kwa hasira. Mara nyingi ndiko kunakopinda.

Utingo_Mstaafu
Nafuta ya jeti.

Mgosi_wa_109
Mrejesho: nimeazima kioo cha dirisha la jiko, mama watoto hajajua. Rula ilionyesha mwanga wa kupitisha wembe. Jana nimepanda na mifuko 12 ya saruji, pale Soni nikaingiza gia ya tatu. Plagi zina rangi ya maandazi. Fundi wa tatu alipita asubuhi, akauliza kabureta mpya nimenunua wapi.