Mashine ya kunyolea mbwa inapata moto: bledi ya pili, sprei, seramiki au nihamie ya chaji?

MwanaKatonga
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma, nanyoa mbwa wa watu, wengi ni wale wadogo wa manyoya marefu yanayogandana wasipochanwa. Mashine yangu ni ya waya, ya bledi za kuchomoa. Nikianza mgongoni iko poa kabisa ila nikifika tumboni bledi tayari inaunguza, mbwa anaruka, inabidi nizime nisubiri ipoe na mwenye mbwa kasimama hapo ananiangalia. Nina hela kidogo nataka itumike vizuri. Nichukue bledi ya pili niwe nabadilisha, au sprei ya kupoza, au bledi ya seramiki, au hii niiache ninunue ya chaji? Aliyetumia aniambie ukweli, sitaki kumuumiza mnyama wa mtu.

Kinyozi_Isevya
Dada kabla hujatoa hata shilingi, siku ikichemka zima, chomoa kwenye umeme, halafu shika sehemu mbili. Shika bledi, kisha shika mwili pale katikati mota ilipo. Bledi ikiwa ya moto na mwili vuguvugu tu, basi ni msuguano, maana yake oili haitoshi, au uchafu, au bledi butu, au umenyoa mfululizo muda mrefu mno. Mwili ukiwa ndo wa moto hata ununue bledi tano hazitakusaidia, joto linatoka kwenye mota linakuja mbele.

Na oili unaweka saa ngapi? Wengi wanaweka asubuhi basi mpaka jioni. Weka kila dakika 10 hadi 15 za kunyoa, matone machache tu pale bledi ndogo inapoteleza juu ya kubwa na pembeni zote mbili, mashine iwe inawaka imeelekea chini, halafu futa. Kama huna oili yake tumia ya cherehani. Mafuta ya kula hapana, yanaganda yanashika vinyweleo na hapo ndo inachemka kuliko mwanzo.

MwanaKatonga
Asante kaka. Nimetoka kunyoa sasa hivi nimeshika, bledi ndo inaunguza, mwili kawaida. Oili kweli naweka mara moja kwa mbwa.

DadaWaCheyo
Mi niko Tabora na hizo zote isipokuwa ya chaji nimezitumia. Sprei inapoza haraka kweli, unapuliza, unasubiri kidogo, unafuta, unaendelea. Ila ubaridi wake haukai, ukirudi kwenye manyoya mazito dakika chache joto hilo hapo. Halafu inaosha oili, kwahiyo ukishapuliza lazima uweke oili tena, ukiiacha kavu unaila bledi. Nyingi zinashika moto pia, usipulize karibu na jiko, na huku kwetu mwezi wa tisa na wa kumi usiiache juani.

Seramiki watu wanaisifia bila kueleza. Ni ile bledi ndogo ya juu tu inayotembea ndo seramiki, ile kubwa inayogusa ngozi bado chuma. Inachelewa kupata moto, hilo kweli, na mimi naipenda kwa mbwa mkubwa. Ila ikidondoka kwenye sakafu ya simenti imekwisha, na mbwa akikurupuka mashine inadondoka mara ngapi? Na oili inataka vilevile.

Kwa hela kidogo chukua bledi ya pili namba ileile. Ya moto unailaza kwenye taili au kwenye sufuria iliyogeuzwa, ule ubaridi unavuta joto, unaendelea na nyingine. Hapo mwenye mbwa hasubiri kitu.

Fundi_Gungu
Sipingi bledi ya pili ila mi ningeanza na usafi. Mbwa wa Katonga na Kibirizi wanashinda ufukweni, mchanga unaingia mpaka kwenye ngozi. Ukipitisha bledi kwenye manyoya yenye mchanga unaisaga. Chana kwanza mchanga utoke, muogeshe, akauke kabisa ndo unyoe. Kila ukimaliza mbwa chomoa bledi upige mswaki katikati ya meno, na ule wavu wa nyuma mashine inapovutia hewa usafishe, ukiziba mota haipumui.

Ujiji_Juu
Na ya kwangu mwili ndo unawaka moto na inanguruma. Nililetewa kutoka Marekani, imeandikwa 120V 60Hz, naitumia na transfoma.

Fundi_Gungu
Mkuu hapo hakuna siri. Umeme wetu ni 230V 50Hz. Transfoma inashusha volti, zile 50Hz inaziacha vilevile. Hizi za kunguruma zinaendeshwa na sumaku, ukiipa 50Hz wakati imetengenezwa kwa 60Hz inavuta umeme zaidi, inapata moto, na meno yanatembea taratibu. Tafuta ya 230V. Zile za mota ya kaboni tatizo lake lingine, kaboni zikiisha unaona cheche nyingi na joto, hizo zinabadilishwa.

BwanaMifugo_Tbr
Naongezea upande wa mbwa. Usipime joto kwa kidole, vidole vya kazi vimeshakuwa sugu, pima kwa ndani ya mkono karibu na kiganja. Ikikuchoma wewe, mbwa inamchoma zaidi, hasa tumboni, kwapani, kwenye mapaja ndani na chini ya mkia. Anza na sehemu hizo bledi ikiwa bado baridi, mgongo uje mwisho.

Wekundu unaweza kutokea baadaye akiwa ameshafika kwao, mwambie mwenyewe aangalie kama analamba sehemu moja. Akiungua weka kitambaa cha maji baridi, mzuie asilambe, ikitoa malengelenge au maji apelekwe kwa daktari wa mifugo. Tafadhalini msipake oili chafu ya gari kama watu wanavyofanya kwenye upele, ni sumu na atailamba. Na msimpe dawa zetu za maumivu, ibuprofen na diclofenac zinaua mbwa.

MwanaKatonga
Shukrani sana daktari, hiyo ya kuanza tumboni naianza kesho. Nimeamua bledi ya pili namba 10 na oili, sprei baadaye. Hii ya zamani nimpe mnoa visu wa baiskeli?

Kinyozi_Isevya
Usimpe! Jiwe lake linanoa kisu, bledi hizi mbili lazima ziwe bapa zikutane sawasawa, akiipitisha hapo inapinda, haikati na joto linazidi. Ihifadhi umpate fundi mwenye mashine ya kunolea bledi.

DadaWaCheyo
Na ukiagiza uliza kama ni aina ya A5, hizo zinaingiliana kwenye mashine nyingi za Andis, Oster na Wahl za kuchomoa bledi. Mtumie muuzaji picha ya mdomo wa mashine yako bledi ikiwa imetolewa. Ukiweza namba 7F iwe inayofuata, inaacha manyoya kama milimita 3 wakati 10 inaacha kama milimita 1.5, kwa mgongo wa mbwa ambaye ngozi yake haina shida 7F inatosha.