Mliotunza bibi wa Kiyahudi Marekani msimu wa Desemba, tupeane uzoefu

MamaTabu: Leo kwenye basi nimeona kinara cha Hanuka, ile sikukuu ya Wayahudi, cha mishumaa tisa dirishani kwa watu, nikacheka peke yangu. Bibi niliyemtunza Brooklyn nilimuuliza Krismasi wao hufanyaje. Akasema, "Tunakwenda kula kwa Mchina, ndiye aliyefungua." Uso mkavu kabisa.

Mpwani: Kweli tupu. Wangu wahudumu wa hoteli wanamjua kwa jina.

KibokoYaBaridi: Kwa hiyo Hanuka ndiyo Krismasi yao?

BintiNgao: Usipotoshe watu. Ni kumbukumbu ya Wamakabayo, wapiganaji wa Kiyahudi wa kale, kulirudisha Hekalu la Yerusalemu, na mafuta ya siku moja yakawaka nane. Inafuata kalenda yao, ndiyo maana inahamahama: 2013 iligongana na Sikukuu ya Shukrani, 2024 ikaanza jioni ya 25 Desemba.

KibokoYaBaridi: Nimeuliza tu dada, ukali wa nini?

Zamu_ya_Usiku: Kaeni hapa. Bibi yangu ana miaka 84, mwanawe kampiga marufuku jiko. Usiku wa kwanza wa Hanuka kanisubiri niko bafuni nafua, kakwangua viazi na kitunguu, kamimina mafuta, anakaanga latke, vile vichapati vyao vya viazi. Moshi mpaka sebuleni, king'ora kinalia, yeye anakipepea kwa gazeti huku anageuza viazi. Nafungua madirisha, theluji inaingia, mara zimamoto hao mlangoni, wanne, na mashoka yao. Bibi hakushtuka. "Vueni viatu." Wakavua! Akawaketisha, akawapakulia, mmoja akaomba krimu chachu. Walipoondoka kaniuliza, "Yule mrefu umemwona? Kesho tunakaanga tena."

MamaTabu: 😂😂 Wakavua viatu!

Mpwani: Krimu chachu? Latke ni kwa tofaa zilizopondwa, bwana.

Zamu_ya_Usiku: Umetumwa na mwanawe wewe.

BintiNgao: Ushauri: kamua viazi kwa kitambaa mpaka vikauke, havitavuta mafuta.

Shangazi_Minnesota: Usikamue sana, vinakuwa vigumu kama soli. Afadhali ununue vilivyogandishwa, bibi asijue.

BintiNgao: Atajua.

Shangazi_Minnesota: Hamjakutana na wangu. Kila jioni akishawasha mishumaa anakaa kitini: mila yao, wanawake hawafanyi kazi ikiwa inawaka. Vyombo vimejaa sinki. Namuuliza, na mimi? "Wewe ni Mlutheri."

KibokoYaBaridi: Huyo mjanja! Mishumaa yenyewe si minane?

MamaTabu: Minane ya siku, wa tisa ni shamash, wa kuwashia mingine. Unaipanga kuanzia kulia, unaiwasha kuanzia kushoto. Wangu alinitia fimbo ya mguu nilipoanza kuwasha upande wa kulia.

Mpwani: Narudia, tofaa.

KibokoYaBaridi: Zamu_ya_Usiku, huyo bibi wa zimamoto hahitaji mtu wa wikiendi? Viatu navua mwenyewe.