Cecil Taylor: huyu mpiga piano mnamsikilizaje jamani?

Wakuu habari zenu. Mimi napiga kinanda kwaya ya kanisani miaka kama tisa sasa, sikio langu limezoea kodi (chords) tatu nne na wimbo unaoshikika. Juzi jamaa kanitumia Cecil Taylor, mpiga jazz Mmarekani wa New York, ile santuri ya Silent Tongues aliyopiga peke yake Montreux, Uswisi, 1974. Nimeisikiliza mara mbili mwanzo mpaka mwisho, vidole vinakimbia mpaka nachoka mimi, mara anashindilia kwa kiganja, na sijui nishike wapi. Nisaidieni, nataka kuelewa kwa kweli.

Jibu:
Ndugu hapo umeanzia mlimani. Tafuta Conquistador! ya 1966, santuri nzima ina vipande viwili tu, kimoja kila upande. Mfuate Jimmy Lyons kwenye saksofoni, yeye anaimbika, halafu ndo usikie piano inavyomsukuma kwa chini. Hawa walipiga pamoja kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 60 mpaka Lyons alipofariki 1986, wanajuana kama mtu na nduguye.

Jibu:
Acha kutafuta kodi mkuu, tafuta ngoma. Val Wilmer, mwandishi wa Uingereza, alisema piano ya Taylor ni ngoma 88 zilizowambwa kila moja kwa sauti yake, na ukisikiliza hivyo kila kitu kinafunguka. Anatupa kipande kifupi cha noti chache huko chini, kinajibiwa juu, anakirudia kimegeuzwa kidogo, kinajibiwa tena, yaani ni mwito na kiitikio kabisa ila vinakuja kwa kasi ambayo hujaizoea. Habahatishi hata kidogo.

Jibu:
Na mjue yule mzee aliteseka. Santuri yake ya kwanza, Jazz Advance, alirekodi 1956, lakini kwa miaka mingi vilabu vilikuwa havimpi kazi, akawa anaosha vyombo kwenye mahoteli huku anaendelea na mazoezi. Heshima ilikuja amezeeka, tuzo ya MacArthur ya Marekani 1991, tuzo ya Kyoto ya Japani 2013, akafariki Aprili 2018 ana miaka 89. Inaniuma mpaka leo. Msikilizeni pia Marilyn Crispell, mpiga piano aliyefuata nyayo zake, mwone mbegu ilivyoota.

Muulizaji:
Asanteni sana. Jana usiku nimerudia nikiwa napiga meza kwa viganja, kushoto mwito kulia jibu, na kwa mara ya kwanza nimekuta kipande kinarudi, nikakitambua, mwili ukanisisimka. Swali la mwisho, wenzake kwenye bendi walikuwa wanasoma noti zipi hizo?

Jibu:
Mara nyingi hawakusoma. Alikuwa anawapigia kipande kwenye piano, wanakishika kwa sikio, wanarudia na kurudia mpaka kiingie. Kama mnavyofundishana nyie kwaya.